Bustani Nisiyokuwa Nayo

Kuna mti ninaoujua kuliko ninavyomjua jirani yangu wa mlango wa pili. Najua hautaki upepo mkavu. Najua jua la saa tisa alasiri likiupiga wakati wa kiangazi, ncha za majani yake hugeuka kahawia na kujikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na jiko. Najua mizizi yake haizami sana, hutambaa karibu na uso wa udongo, kwa hivyo ukipitisha jembe karibu na shina unaikata bila habari. Najua ukiupanda usiufukie shingo; pale shina linapopanuka kuelekea mizizi lazima pabaki panaonekana. Najua pia matandazo yasirundikwe yakagusa gome, kwa sababu unyevu utaliozesha polepole, na wewe utakuja kushtuka mambo yakiwa yameshaharibika.

Najua haya yote na sijawahi kuuona mti wenyewe. Hata mmoja. Hata kwa mbali.

Unaitwa mepo wa Kijapani. Jani la mepo ndilo lile jekundu lililo kwenye bendera ya Kanada, kwa hivyo umbo lake unalijua hata kama umekulia Githurai kama mimi. Huu wa Kijapani ni ndugu yake mdogo, mwenye vidole vyembamba zaidi. Mswidi mmoja, Carl Peter Thunberg, aliyefika Japani mwaka 1775, ndiye aliyeupa jina la kisayansi, Acer palmatum, kwa sababu jani lake ni kama kiganja kilichofunguliwa. Wajapani wana jina lao, kaede, ambalo asili yake inaelezwa kuwa ni mkono wa chura. Mimi la chura ndilo lililonikaa.

Halafu kuna vibete. Watu wenye ua mdogo nyuma ya nyumba, au wenye baraza tu na chungu kimoja, hutafuta aina zisizokua sana. Iko moja inaitwa Mikawa Yatsubusa, majani yake hupandana kama vigae vya paa, na baada ya miaka kumi unaweza kuwa bado haujafika kifuani kwako. Ni mti wa mtu mwenye subira. Na kwa muda wa miaka miwili, kutoka keja ya chumba kimoja iliyo juu ya duka la mbao, niliandika makala 41 kuhusu miti hii, zote kwa nafsi ya kwanza, zote kwa sauti ya mama mmoja mwalimu mstaafu anayeishi Oregon na ana bustani ndogo.

Mama huyo hakuwepo. Bustani haikuwepo. Swali ninalotaka kuliuliza hapa si kama niliandika uongo. Niliandika. Swali ni uongo wenyewe ulikuwa wapi, maana kila nilichosema kuhusu mti kilikuwa sahihi.

*

Nianze na jinsi nilivyofika hapo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma falsafa na sosholojia, karo ikakwama, nikasema narudi muhula ujao, na muhula ujao ukawa ule wimbo ambao kila mtu nyumbani aliacha kuuliza. Kazi ya kwanza niliyopata mtandaoni ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kama unaishi Nairobi na una umri wangu, unajua kazi hiyo. Unakodi akaunti ya mtu, unaandika usiku wakati wao wako macho, unalipwa kwa ukurasa. Kijana aliyefukuzwa na karo anawasaidia wengine kupata digrii. Kicheko hicho tulikicheka sana, mpaka kikaisha utamu.

Niliiacha kazi ile usiku mmoja nilipopewa zoezi la mwanafunzi wa uuguzi, hesabu za vipimo vya dawa. Nilizifanya. Nadhani nilizipata zote. Lakini nilipomaliza nilimwona mgonjwa ambaye bado hajaugua, amelala kitandani miaka mitatu ijayo, na nesi anayekuja na sindano hajui kugawa kwa sababu nilimgawia mimi. Sikulala. Kesho yake nikatafuta kazi isiyoweza kuua mtu.

Nikapata bustani. Nikajiambia, nani amewahi kufa kwa sababu ya mti wa mapambo?

Mteja alikuwa na tovuti ya mambo ya bustani. Alilipa dola 12 kwa makala ya maneno 1,500, ambazo kwa kodi ya Githurai si mzaha. Maagizo yake yalikuwa mafupi: andika kama mtu aliyeshika udongo. Baadaye nilielewa kwa nini. Desemba 2022 Google iliongeza neno "uzoefu" kwenye mwongozo wa watu wanaoisaidia kupima ubora wa kurasa. Yaani ukurasa mzuri unapaswa kuonyesha kwamba aliyeandika ameishi na jambo lenyewe. Wazo lenyewe ni zuri sana, hata mamangu angelikubali. Lakini ukisema kwamba uzoefu una bei, uzoefu utatengenezwa. Na unatengenezwa mahali ambapo kazi ni rahisi, na mahali hapo nilikuwa nimekaa mimi, na bando la usiku.

Nikautengeneza. Nilichora bustani kwenye karatasi ili nisijipinge. Uzio wa mbao upande wa magharibi, ukinge jua la alasiri. Mepo kwenye kona ya mashariki, ipate jua la asubuhi. Benchi. Bomba la maji linalovuja. Mbwa wa jirani anayechimba. Mambo ya mti wenyewe nilisoma kwa makini, hasa kurasa za idara za ugani za vyuo vikuu vya Marekani, ambazo huandikwa na watu wanaojua kazi yao. Sikubahatisha. Nilijua udongo uwe na uchachu kidogo na usituame maji, nilijua mbolea nyingi ya naitrojeni hufanya mti ukimbie kukua na kuwa dhaifu, nilijua ukiuweka kwenye chungu baridi hufika mizizini haraka kuliko ukiwa ardhini.

Na niseme jambo ambalo silioni aibu: niliipenda ile bustani. Stima ikipotea, mashine za mbao chini zikinyamaza, nilikuwa naingia humo. Nilijua mwanga unafika wapi saa tatu asubuhi.

*

Makala ya ishirini na saba ilihusu kukauka kwa matawi. Mhariri alitaka kisa. Nikaandika kwamba mwaka mmoja tawi la kushoto la mepo wangu lilikauka ghafla katikati ya kiangazi, majani yakanyauka yakabaki yananing'inia, na kwamba mimi niliogopa, nikamwagilia kwa kina, nikatandaza, nikangoja. Na masika yaliyofuata mti ukaamka. Nikamalizia kwa sentensi niliyojivunia kuhusu subira.

Miezi miwili baadaye mhariri akanitumia ujumbe ulioachwa chini ya makala. Alitaka nimjibu msomaji kwa jina la yule mama wa Oregon, kwa sababu majibu huwafanya watu warudi kwenye tovuti.

Msomaji alikuwa mwanamke wa Marekani. Sitasema wa wapi wala nitarudia maneno yake, si yangu. Kwa kifupi, yeye na mumewe walinunua mepo kibete mwaka mume alipostaafu. Mume akafa. Mti ukabaki. Sasa matawi yalikuwa yanakauka, moja, halafu lingine upande huohuo. Aliuliza kitu kimoja tu: wako ulipofanya hivi, ni kweli ulirudi?

Angalia vizuri alichouliza. Hakuuliza afanye nini. Hayo alikuwa ameyasoma. Aliuliza kama nimeona.

Ilikuwa saa nane usiku. Nilijibu. Nilimwambia asikate tamaa, wangu ulirudi.

Sasa, nilikuwa tayari nimeandika makala nzima, ya kumi na tisa, kuhusu ugonjwa uitwao verticillium. Ni kuvu anayeishi ardhini, huingilia mizizini, huziba njia za maji ndani ya mti. Dalili yake ndiyo hiyo: tawi moja, halafu lingine, mara nyingi upande mmoja. Ukilikata tawi unaweza kuona michirizi myeusi ndani ya kuni. Dawa ya kumtoa kuvu mtini haipo. Unakata matawi yaliyokufa, unasafisha makasi kila baada ya kukata, unaupa mti maji ya kutosha, na unatumaini. Mingine huishi miaka. Mingine hufa msimu huohuo. Na kuvu mwenyewe hukaa kwenye udongo miaka mingi, akimngoja mgeni mwingine.

Nilijua haya, na sikumwambia hata moja. Nilimpa tawi langu la kushoto lililoamka.

*

Asubuhi nilimweleza rafiki yangu ninayekaa naye, ambaye pia huandika, yeye ni wa bima na mikopo. Alinisikiliza huku akipiga pasi, kisha akanitetea vizuri kuliko ningejitetea mwenyewe.

Kwanza, alisema, kwani mwandishi wa riwaya akiandika "nilimuua" tunapigia polisi? Pili, uongo ni wa mwenye tovuti; wewe ni kibarua, umeajiriwa kushika koleo, hukuamua mtaro upite wapi. Tatu, na hapa aliweka pasi chini, ni wangapi wametuandika sisi bila kufika? Edgar Rice Burroughs alianza kumchapisha Tarzan mwaka 1912 na maisha yake yote hakukanyaga Afrika. Leo kijana wa Githurai akiandika kuhusu bustani ya Oregon ndiyo unaona dhambi? Wacha walipe deni.

Nilicheka. Halafu nikakaa na hoja zake wiki nzima, moja moja.

Ya riwaya ilianguka upesi. Anayemfungua Tarzan anajua anafungua hadithi. Tumekubaliana, mimi na wewe, kabla ya ukurasa wa kwanza. Mama yule hakukubaliana na mtu. Yeye alidhani yuko uani kwa mwenzake, wanazungumza juu ya uzio.

Ya Tarzan ilinisumbua zaidi, kwa sababu ina utamu wa kisasi. Lakini uchungu wetu na vitabu vile ni upi hasa? Ni kwamba mtu ambaye hakuona alizungumza kwa sauti ya aliyeona, na dunia ikaamini, na sisi tukaishi ndani ya uvumi wake. Kama hilo ni baya likitendwa kwangu, haliwi jema kwa sababu safari hii kalamu ninayo mimi. Na deni lenyewe, hata kama lipo, halidaiwi kwa mjane mwenye mti.

Ya kibarua ndiyo ngumu. Ni kweli nilikuwa nalipwa dola 12, na ni kweli kama ningekataa mwingine angeandika usiku uleule. Nakubali makala 41 ni za wengi: yangu, ya mhariri, ya mwenye tovuti, ya soko linalonunua uzoefu kwa neno. Ukizigawa lawama, fungu langu ni dogo. Lakini lile jibu la saa nane usiku halikuwa la soko. Hakuna aliyenipa maneno. Mhariri alisema "mjibu", hakusema "mdanganye". Ningeweza kuandika kwamba kuna ugonjwa hivi na hivi, peleka kipande cha tawi kwenye maabara ya idara ya ugani ya jimbo lako, watakuambia. Maneno hayo nilikuwa nayo mfukoni. Nilichagua mengine kwa sababu yalikuwa mazuri zaidi, na kwa sababu nilitaka anipende.

*

Darasani tulimsoma Kant, ambaye mwaka 1797 alishikilia kwamba huna ruhusa ya kudanganya hata muuaji aliyekuja mlangoni kumtafuta rafiki yako. Tulimcheka sana mzee huyo. Kila mmoja wetu alikuwa na muuaji wake wa kumdanganya. Lakini katika maisha yangu yote sijawahi kupata muuaji mlangoni. Ninaowapata ni watu wanaouliza swali dogo, na jibu la kweli halina raha.

Aliyenisaidia zaidi ni Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022. Aliandika kuhusu neno la lugha yake ya Kiakan, nokware, ambalo watu hulitafsiri kuwa ukweli. Alieleza kwamba neno hilo hasa linahusu mtu kuwa mkweli, kutosema kinyume cha anachojua. Na kwamba Waakan wakitaka kusema tu kuwa jambo ndivyo lilivyo, wana namna nyingine ya kulisema. Sisi kwa Kiswahili tunasema "ni kweli" kwa yote mawili, na labda ndiyo maana nilichelewa kuona. Kwamba mepo hautaki maji yaliyotuama ni kweli hata ikisemwa na kasuku. Lakini "mkweli" ni mtu tu. Makala zangu zilikuwa na kweli nyingi na hazikuwa na mkweli ndani yake.

Kwa hivyo naanza kutenganisha vitu viwili. Kuna ushauri na kuna ushahidi. Ushauri unaweza kuuazima. Nimeupata kwa fulani, nakupa wewe, ukikufaa umpe mwingine. Dunia yote inaendeshwa hivyo, na hakuna aliyejua kila anachokijua kwa mikono yake. Ushahidi hauazimwi. Nikisema "niliona", nimeweka kitu changu mezani ambacho huwezi kukikagua, na unakipokea kwa sababu unaniheshimu. Mahakama zinajua jambo hili: shahidi akisema alichosimuliwa na mwingine, wakili anainuka. Si kwamba alichosimuliwa lazima kiwe uongo. Ni kwamba aliyeona hayupo hapa kuulizwa.

Na lugha yetu ilikuwa tayari imetupa njia ya heshima ya kuazima. Wahenga walisema. Wazee wanasema. Nimesikia. Nilidhani hayo ni mapambo ya insha za shule, ya kupatia alama. Sasa naona ni stakabadhi: neno hili si langu, nimelichukua pale. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alizunguka na wenzake vijijini akihoji wazee wenye hekima, na katika kitabu chake cha 1990 alitofautisha mzee anayejua yale jamii yake inasema na kuyarudia vyema, na mzee anayeyapima mwenyewe, hata kuyakataa. Huyu wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa. Mimi namtetea kidogo yule wa kwanza. Hakupima, sawa, lakini akisema "hivi ndivyo tulivyoambiwa" hajamdanganya mtu. Kuna aina ya tatu ambaye nadhani hakuhojiwa: yule anayerudia aliyoambiwa na kuapa kwamba alikuwepo. Huyo ndiye mimi.

Ningeandika "wataalamu wa ugani wanasema" makala zile zingekuwa safi. Pia zisingenunuliwa.

*

Ujumbe wa pili ulikuja mwaka uliofuata, mwezi wa tano. Sikutarajia. Mti ulikufa, alisema mama yule, lakini alinishukuru. Nilimpa mwaka wa kutumaini, na baridi ile yote alikuwa akitoka kuuangalia. Halafu akaongeza, kwa furaha, kwamba amenunua mwingine wa aina ileile na ameupanda mahali palepale. Shimo lilelile. Alidhani hivyo ndivyo mimi ningefanya.

Nimesoma watu wakitetea uongo wa huruma, na hoja yao huwa hii: hukuweza kuubadilisha mwisho, basi angalau ulipunguza uchungu wa njia. Nilikuwa nimejificha nyuma ya hoja hiyo. Kama ni verticillium, mti ungekufa hata ningesema nini. Na ule mwaka wa kutumaini ulikuwa mwaka wa kweli, aliuishi.

Lakini uongo wa huruma huhesabu njia moja tu, ile uliyoiona wewe ulipousema. Haukuhesabu shimo. Kama kuvu yumo mle ardhini, mepo mpya umepandwa kwenye kaburi la wa kwanza, na utakwenda njia ileile. Angeweza kupanda hatua chache mbali, kwenye udongo mwingine, au kuweka pale msonobari au mti mwingine wa koni, ambayo haipatwi na ugonjwa huo. Angehitaji jambo moja tu, kujua. Nilifikiri nimempa mwaka, kumbe nilimnyang'anya uamuzi, na kile cha pili sikumwambia kama nimekichukua.

Na niseme kwa haki: sijui kama ulikuwa ugonjwa huo. Ungeweza kuwa ukame, mizizi iliyojizonga shingoni, mambo kumi mengine. Sikuuona mti. Ndilo neno ambalo ningepaswa kuanza nalo.

Siku hiyo nilimwandikia mhariri. Nilimwomba tubadilishe makala ya ishirini na saba, na nimjibu msomaji kwa jina langu. Alinijibu kwa upole kwamba jina langu halina maana yoyote kwa wasomaji wao. Alikuwa sahihi. Nikaingia mwenyewe chini ya makala kama mgeni yeyote, nikaandika kwamba mimi ndiye niliyeandika haya, naishi Kenya, sina bustani, tawi lile halikuwahi kukauka wala kuamka; na kuhusu shimo tafadhali fanya hivi, udongo uupimishe kwanza. Maneno yangu yalikaa saa nne hivi kisha yakaondolewa. Kazi pia haikuja tena. Kama aliyasoma katika zile saa nne, sijui.

Siku hizi nasikia tovuti nyingi kama ile hazihitaji hata mtu wa Githurai. Programu za akili mnemba huandika "bustani yangu" kwa sekunde kadhaa. Rafiki yangu anasema nimelia bure, mashine haina bustani na haina haya. Namjibu kwamba tofauti ni hiyo ya pili. Mimi nilikuwa nayo haya, nikaiweka kando kwa dola 12. Mashine haijaweka kitu kando.

*

Desemba nilikwenda Murang'a kwa mjomba, ndugu ya mamangu. Ana ekari isiyotimia, ameijaza ovakado. Ovakado za Hass anazouza hazikutoka kwenye mbegu. Ukipanda mbegu hujui utazaa nini. Anaotesha mbegu ya ovakado ya kienyeji, mche ukifika unene wa penseli anaukata, anapasua kichwa, anachomeka kijiti cha Hass kilichochongwa kama kabari, anafunga na utepe wa nailoni. Mizizi ya mmoja, matunda ya mwingine.

Nilikuwa nimeyaandika haya. Mepo kibete huzalishwa hivyohivyo: mbegu haitoi mti unaofanana na mzazi, kwa hivyo kijiti cha kibete hubebeshwa juu ya mche wa mepo wa kawaida, na machipukizi yakitokea chini ya kiungo unayakwanyua mapema, la sivyo mti wa chini humshinda wa juu na kibete chako hupotea. Nilimwambia mjomba kwamba najua kupandikiza. Akanipa kisu.

Niliharibu vijiti vinne. Kabari yangu ilikuwa na tumbo katikati, haikukaa. Nilifunga ikalegea. Kijiti cha tano alikiangalia kwa muda mrefu, akageuzageuza, akakirudisha.

"Huu utashika, mjomba?" nikamuuliza.

Amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Nilitarajia ndiyo au hapana.

"Sijui," akasema. "Umeukata vibaya upande huu, lakini nimeona mibaya zaidi ikishika. Mwezi ujao tutajua."

Halafu akaniambia niandike namba kwenye kikaratasi nikifunge kwenye mche, nisije nikasema baadaye kwamba ule ulioshika ndio wangu.

Niliandika 5. Mwezi uliofuata alinipigia simu, na kabla sijamsalimia vizuri akaniambia ule wa tano umekauka, na kwamba kuna miche mingine thelathini inaningoja nikipata nauli.